MacBook Air imemwagikiwa chai ya maziwa, haiwaki. Nataka kupima bodi mwenyewe, naanzia wapi?

Mwana wa Makorora (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, Makorora. Nina MacBook Air ya 2017, toleo la A1466, na bodi yake imeandikwa 820-00165. Mdogo wangu aligonga kikombe cha chai ya maziwa, chai ikaingia kwenye kibodi. Niliizima papo hapo nikaigeuza kifudifudi usiku kucha. Asubuhi ikawaka, nikaitumia siku kadhaa bila tatizo, halafu jioni moja ikazima yenyewe. Tangu hapo kimya. Nikichomeka chaja, taa haiwaki kabisa, si ya kijani wala ya chungwa.

Fundi wa kwanza huku Ngamiani kaifungua, kaiosha kwa tina (kiyeyusha rangi), kasema bodi imekufa ninunue nyingine. Bei aliyotaja inakaribia laptopu nzima ya mtumba. Nimenunua mita ya kupimia umeme na bisibisi za nyota, nataka nijifunzie kwenye mashine hii hii. Umeme wa nyumba naujua kiasi, ila bodi za namna hii sijawahi kuzigusa. Mtu anaanzia wapi? Halafu humo ndani kuna faili za utafiti wangu wa chuo, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kobe wa Raskazone

Pole mkuu. Ifukie kwenye mchele siku tatu, itaamka.

Fundi Chuda

Kobe, mchele upike pilau utualike. Chai iliyojibana chini ya aisii (zile chipu nyeusi za bodi) haitolewi na mchele, na unga wake unaingia kwenye matundu ya chaja ukaongeza kazi. Maji yanakauka yenyewe kwa hewa. Kinachoua ni kile yanachokiacha: sukari, chumvichumvi na mafuta ya maziwa. Umeme ukipita juu ya huo uchafu, shaba inaliwa taratibu. Ndiyo maana yako iliwaka asubuhi ikafa baadaye. Wengi wanadanganyika na ile siku ya kwanza.

Mwana wa Makorora, kabla ya swali lolote chomoa konekta ya betri kwenye bodi. Betri ikiwa imechomekwa bodi ina umeme hata kama mashine imezima, na kila saa inayopita kutu inaendelea kula. Kisha angalia kwa macho na taa kali, ikiwezekana na lenzi ya sonara. Tafuta vibandiko vidogo vyeupe. Vikishaguswa na maji vinageuka vyekundu. Tafuta pia rangi ya kijani au nyeupe kwenye miguu ya vipande. Piga picha utuwekee.

Binti Pangani

Nawaona mnakimbilia bodi na kijana kasema anachohofia ni faili. Kaka, kwenye Air ya 2017 diski ya SSD haijalehemewa, ni ubao mwembamba umeshikwa na skrubu moja. Ichomoe uichomeke kwenye Air nyingine yoyote ya kati ya 2013 na 2017, utaona vitu vyako vyote. Ingekuwa ya 2018 kuja juu, hapo diski imelehemewa kwenye bodi na bodi ikifa umelia. Okoa data kwanza, ndipo ufanye mazoezi ya ufundi.

Mwana wa Makorora

Dada Binti Pangani, Mungu akubariki. Rafiki yangu wa Chumbageni ana Air ya 2015, tumebadilisha diski na faili zote zipo, nimeshazinakili mara mbili. Sasa nina utulivu.

Fundi Chuda, betri nimechomoa. Vibandiko viwili vimekuwa vyekundu, kimoja cheupe. Kuna ukungu mweupe karibu na konekta ya skrini na doa la kijani kwenye bodi ndogo ya pembeni yenye tundu la chaja. Picha zimetoka na giza, nitapiga nyingine mchana.

Mzee wa Mita

Kijana, kama taa ya chaja haiwaki usirukie bodi kubwa. Chaja za MagSafe, yaani hizi za Mac zinazonasa kwa sumaku, zina pini tano. Mbili za nje ni graundi (upande hasi), mbili zinazofuata ni umeme, na ya katikati ni ya mawasiliano. Bodi na chaja zinajuana kupitia hiyo ya katikati, na hata taa inawashwa kwa amri ipitayo hapo. Ikiwa na uchafu, taa haiwaki ingawa umeme unaweza kuwa unaingia. Safisha pini za chaja na za tundu kwa mswaki na spiriti. Kisha fungua ile bodi ndogo yenye doa la kijani, nayo uisafishe, pamoja na fleksi (waya bapa mwembamba) inayokwenda bodi kubwa.

Halafu azima chaja nyingine. Yako ni ya wati 45, inatakiwa kutoa volti 14.85. Lakini ukiipima ikiwa haijachomekwa popote utakuta volti ndogo zaidi, kwa sababu haiachii umeme kamili mpaka ione mzigo. Watu wengi wametupa chaja nzima kwa kipimo hicho.

Shekhe Mabawa

Mimi nasema aliyeua ni fundi wa tina. Tina inalainisha plastiki za konekta na gundi, inasogeza uchafu toka hapa kwenda pale. Bodi iliyofika na maradhi sehemu moja inatoka nayo sehemu tatu.

Fundi Chuda

Shekhe, tina si nzuri, nakubali. Lakini mashine ilikufa kabla ya kufika kwa huyo fundi, soma uzi vizuri. Inayotakiwa ni spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Ile ya famasi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji.

Binti Pangani

Fundi Chuda, hapo naomba nikupinge kwa heshima. Mimi nafanya kazi maabara. Sukari na chumvi haziyeyuki kwenye aisopropili safi, zinayeyuka kwenye maji. Ukisugua chai yenye sukari kwa spiriti ya asilimia 99 peke yake, unaondoa mafuta ya maziwa na unaisambaza sukari. Utaratibu ni kuosha kwanza kwa maji yaliyotoneshwa na mswaki laini, tena na tena, kisha spiriti ya asilimia 99 ifuate ili iyafukuze maji. Betri iwe imetoka, na bodi iwe imetolewa kabisa kwenye kasha la chuma.

Fundi Chuda

Dada, sukari nakupa. Ila mwanafunzi anayeanza ukimwambia "osha kwa maji" atakwenda kwenye bomba la uani, na maji ya visima vya Tanga tunayajua, birika lenyewe linaota magamba. Mimi huwa namwambia spiriti tu kwa usalama wake.

Kobe wa Raskazone

Maji yaliyotoneshwa si ndiyo maji ya betri yanayouzwa sheli?

Binti Pangani

Ndiyo hayo, ila soma chupa kwanza. Kuna duka wanauza maji ya kuongezea betri na asidi yake kwenye rafu moja, na wote wanaita maji ya betri. Ukimwaga asidi juu ya bodi hakuna tena cha kupima.

Mama Nguvumali

Jamani samahani kuingilia. Mimi laptopu yangu ni HP, haikumwagikiwa kitu, lakini iko nyumba ya karibu na bahari na mwaka wa pili tu matundu ya USB yamefanya kutu. Ni hewa au nimeuziwa mbovu?

Mzee wa Mita

Mama yangu, ni hewa ya chumvi. Vumbi likitua ndani linashika unyevu wenye chumvi, feni inauvuta kutwa. Isikae dirishani upande wa bahari, ifunike usiku, na mara moja moja fundi aifungue apulize vumbi. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri, hapa tumshughulikie huyu wa chai.

Mwana wa Makorora

Shikamoo Mzee wa Mita. Nimefanya yote mliyosema, maji ya betri yaliyotoneshwa kisha spiriti ya asilimia 99 niliyoagiza Kariakoo ikaja kwa basi. Nimeacha bodi ikauke vizuri mbele ya feni.

Matokeo: pini ya katikati ya tundu ilikuwa nyeusi, sasa inang'aa. Nimechomeka chaja bila betri na taa ya kijani imewaka! Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni inazunguka kama sekunde mbili, inasimama, inaanza tena, hivyo hivyo bila kukoma. Skrini nyeusi.

Nimepima pia koili zote kwa mita ikiwa kwenye mlio, chaja imechomolewa. Koili kubwa karibu na prosesa zinalia. Basi nimepata shoti (umeme unavujia graundi), sivyo? Nizing'oe?

Mzee wa Mita

Marahaba mwanangu. USING'OE KITU.

Mlio wa mita unalia hata pasipo shoti. Mita nyingi zinalia ukinzani ukiwa chini ya omu 30 au 50. Njia ya umeme ya prosesa kwa asili yake ina ukinzani mdogo sana, omu chache au hata pungufu, kwa sababu prosesa inakula mkondo mkubwa kwa volti ndogo. Koili zake zitalia kwenye bodi nzima kabisa iliyotoka kiwandani. Weka mita kwenye omu, kipimo kidogo kabisa, gusanisha kwanza ncha zake mbili uone zenyewe zinasoma ngapi, utoe hiyo. Kisha utuandikie namba. Bodi hatuiamui kwa mlio.

Baada ya hapo geuza mita kwenye kipimo cha dayodi: ncha nyekundu kwenye graundi, nyeusi unapimia. Kila sehemu itakupa namba yake, na hiyo unailinganisha na bodi nzima ya aina ile ile.

Bodaboda Duga

Njia rahisi: chukua betri ya pikipiki, graundi kwa graundi, chanya gusa kwenye koili inayolia. Kitakachotoa moshi ndicho kibovu. Redio tunatengeneza hivyo.

Fundi Chuda

Duga, kijana asije akakusikiliza! Volti 12 kwenye njia ya prosesa inayohitaji volti moja na kitu ni kuua prosesa iliyokuwa nzima. Kuingiza umeme kutafuta shoti kupo, lakini ni kwa mashine ya umeme inayorekebishwa, unaanza na volti 1 au chini yake, usizidishe volti ya njia yenyewe, na unafanya pale tu ambapo shoti imethibitishwa. Unapaka spiriti juu ya bodi, na sehemu inayokauka kwanza ndiyo inayopata moto. Huyu bado hana shoti iliyothibitishwa.

Bodaboda Duga

Sawa fundi, nimekuelewa. Redio hazina prosesa.

Mwana wa Makorora

Asante Mzee. Namba hizi, nimeshatoa ukinzani wa ncha: koili za prosesa zinasoma omu 2 na kitu. Njia kuu, ile PPBUS_G3H, bila umeme inapanda hadi maelfu. Chaja ikichomekwa PPBUS_G3H ni volti 8.55 na njia nyingine, PP3V42_G3H, ni 3.41. Ramani ya bodi nimeifungua kwa OpenBoardView, programu ya bure, ndiyo inanionyesha kila kipande kiko wapi.

Mzee wa Mita

Umepima vizuri sana. PPBUS kwenye Air hii inatakiwa 8.6 hivi, na 3V42 jina lake linakueleza, 3.42. Maana yake sehemu ya kuchaji, yaani aisii ya ISL6259 na rizista zake za kupimia mkondo, kwa sasa inafanya kazi. Na aisii ya SMC, inayosimamia umeme wa mashine, iko hai, maana ndiyo inayoongea na chaja mpaka taa ikawa kijani. Tatizo liko mbele zaidi: mashine inajaribu kuamka, kuna umeme mmoja haukai sawa, inakata, inajaribu tena.

Kwa uzoefu wangu ni konekta ya skrini. Umesema palikuwa na ukungu mweupe. Pale kuna pini ya taa ya skrini inayobeba volti zinazofika karibu 50, na jirani yake ni pini za volti 3 na za picha. Chai ikiunganisha hizo mbili, volti kubwa zinaingia kwenye pini ndogo na kuziunguza. Chomoa fleksi ya skrini, washa, sikiliza feni.

Shekhe Mabawa

Mimi nasema kibodi. Chai iliingia kwa kibodi, na kwenye Air kitufe cha kuwashia kiko humo humo. Sukari ikibaki chini ya kitufe ni sawa na mtu anakibonyeza muda wote: inawaka, inajizima, inawaka. Kibodi yake inapitia kwenye bodi ya tachipadi ndipo iende bodi kubwa. Chomoa fleksi ya tachipadi, washa kwa pedi za kuwashia zilizo kwenye bodi, ramani itakuonyesha.

Fundi Chuda

Shekhe, kitufe kilichokwama kinazima baada ya sekunde kadhaa za kushikiliwa, si mbili. Mimi nashuku umeme mmojawapo wa zile njia ndogo zinazokuja baada ya kuwashwa. Kapasita moja iliyoliwa inatosha. Na usisahau kutu iliyo chini ya aisii, hiyo huioni kwa lenzi wala mswaki hauifikii, inataka mashine ya kuoshea kwa mitetemo.

Shekhe Mabawa

Nimekuwa na moja ya Korogwe, soda, dalili hizi hizi, nilibadilisha kibodi ikapona. Sisemi kwa kubahatisha.

Fundi Chuda

Na mimi nimekuwa nazo, dalili hizi hizi, kibodi nzima kabisa. Dalili moja ina magonjwa mengi, Shekhe.

Mdau wa Bagamoyo

Naongezea kisa changu. Yangu ilikuwa maji ya bahari, ilianguka kwenye ngalawa. Feni ilikuwa inafanya hivi hivi. Fundi wa Dar akakuta mguu mmoja wa rizista ndogo karibu na prosesa umekatika kwa kutu, kwa macho inaonekana nzima, ukiigusa kwa sindano inacheza. Akabadilisha, ikawaka, ikakaa miezi kadhaa ikafa sehemu nyingine. Chumvi ya bahari haisameheki. Chai ina nafuu.

Kobe wa Raskazone

Kwa hiyo mchele haukuwa na nafasi kabisa?

Binti Pangani

Kobe, tumeshakuelekeza kwenye pilau.

Mwana wa Makorora

Nimejaribu mawili kwa mpangilio.

Kwanza nimechomoa fleksi ya tachipadi, nikawasha kwa pedi. Feni ileile, sekunde mbili, inasimama. Shekhe, samahani.

Pili nimeirudisha, nikachomoa fleksi ya skrini. Feni sasa inazunguka muda mrefu zaidi, kama sekunde kumi, kisha inasimama. Haijakaa moja kwa moja. Nimeangalia konekta kwa lenzi: pini mbili za mwisho upande mmoja ni nyeusi na plastiki kati yake imeungua, ina kijishimo. Fleksi nayo ina alama mahali hapo hapo.

Mzee wa Mita

Kijishimo ndicho. Plastiki iliyoungua inageuka mkaa na mkaa unapitisha umeme, hata uoshe na nini. Konekta hiyo ibadilishwe, na fleksi pia. Usichomeke skrini hapo tena, utaua skrini nzima.

Shekhe Mabawa

Mzee, kama ni konekta tu, mbona bila skrini bado inakata? Sekunde kumi si kuwaka. Na bado hajajaribu kwa kuchomoa vyote viwili pamoja. Mimi kibodi sijaiachia.

Fundi Chuda

Hapo Shekhe kasema kweli, vyote viwili havijachomolewa pamoja. Pia inafanya kazi bila betri, na Mac isiyo na betri ina tabia zake, chaja dhaifu inaweza kuikatia. Mwana wa Makorora, chaja uliyotumia ni yako au ya kuazima?

Mwana wa Makorora

Ni yangu, ile ile iliyokuwa na pini nyeusi. Ya rafiki yangu alisafiri nayo Lushoto.

Mzee wa Mita

Basi utaratibu wako ni huu. Usiilehemu konekta hiyo mwenyewe kwa mara ya kwanza, pini zake ni nyembamba mno na ukizidisha hewa ya moto plastiki inayeyuka. Tafuta bodi mfu ya simu au ya laptopu, ujizoeze kutoa na kurudisha konekta kwa bloa (mashine ya hewa ya moto) na flaksi (dawa ya kulehemu) mpaka mkono utulie. Wakati huo pima njia zote za umeme kuzunguka konekta kwa dayodi, uandike kwenye daftari. Rafiki yako akirudi, jaribu kwa chaja yake, skrini na tachipadi zote zikiwa nje.

Fundi Chuda

Bodi mfu ninazo dukani, njoo Jumamosi baada ya adhuhuri uchukue mbili bure. Njoo na yako pia, betri ikiwa imechomolewa, tuiangalie kwa hadubini hizo rizista za karibu na prosesa alizosema mdau wa Bagamoyo.

Shekhe Mabawa

Nami nitakuja na kibodi nzima ya A1466, tuichomeke tuone.

Mwana wa Makorora

Nakuja inshallah. Bodi ya kulinganishia namba za dayodi kuna mwenye nayo? Iwe 820-00165 hiyo hiyo, hata kama haiwaki ila upande wa skrini ni mzima.

Mdau wa Bagamoyo

Ile yangu ya ngalawani ni 820-00165. Upande wa skrini haukuguswa na maji. Niandikie faragha unitajie pini unazotaka, nitakupimia usiku huu.